Kufundisha Ususi wa Ukili: Mwanafunzi Aanzie Katikati

Walimu wengi wa shule za msingi, wanapofikia kipindi cha kazi za mikono, hukiona kuwa ni kipindi cha kupumzikia. Somo lenyewe limebadilishiwa jina mara kadha, likaitwa Kazi za Mikono, Sayansi Kimu, na baadaye Stadi za Kazi; lakini desturi ya kuliendesha haikubadilika sana. Mwalimu huwaagiza watoto walete kitu kutoka nyumbani, ufagio, kawa, kipepeo au mkeka, naye hukitazama, hukipa alama na kukiweka stoo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kuwa desturi hiyo haifundishi kitu, na zaidi ya hayo huwadhulumu baadhi ya watoto. Kisha tutaeleza njia nyingine, ambayo tumeiona ikifaa tulipokuwa tukiwakagua wanachuo wetu wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule za upande wa Zegereni, Kibaha. Mfano wetu ni ususi wa ukili. Mwalimu aliyeko Njombe au Makete, penye baridi, aweza kuweka kufuma kwa sindano mahali pake, nasi tutaligusia jambo hilo pia.

Zegereni na vijiji vya jirani kuelekea Kisarawe ni nchi ya Wazaramo, na miongoni mwa Wazaramo, kama ilivyo kwa watu wengine wa pwani, kusuka mikeka ni kazi ya wanawake. Mkindu huota penye unyevu, kando ya mito na mabondeni, na bonde la mto Ruvu limewapa akina mama ukindu kwa miaka mingi. Chipukizi hukatwa kabla halijafunguka. Majani yake huanikwa juani mpaka yakawa meupe, kisha huchanwa kwa ukucha au kwa kisu kuwa vipande vyembamba viitwavyo chane. Zile zinazotakiwa ziwe na rangi huchemshwa pamoja na rangi ya unga inunuliwayo dukani. Chane husukwa zikiwa na unyevu kidogo, kwa kuwa zikiwa kavu huvunjika; ndiyo maana msusi huwa na bakuli la maji kando yake, au huzifunga chane zake katika kitambaa kilicholowa. Msuko mrefu utokao mikononi mwake ndio ukili. Ukili hupimwa kwa pima, huviringwa, na ukishatosha hushonwa ukingo kwa ukingo hata ukawa mkeka. Miyaa, ambayo ni migumu zaidi, hufanyiwa majamvi na vikapu.

Wasichana walijifunzia wapi kazi hii? Zamani msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akaitwa mwali, na akina bibi tuliozungumza nao walituambia kwamba mikono yao ilipata wepesi katika kipindi hicho, kwa kukaa ubavuni mwa shangazi au bibi tangu asubuhi hata jioni. Hatutamani siku hizo zirudi, maana mwali hakwenda shule. Lakini inatupasa kutambua kuwa mahali pale pa kujifunzia pamekwisha ondoka, na hakuna aliyepanga pengine badala yake. Mkeka wa plastiki hununuliwa dukani; sehemu kubwa ya ardhi ya Zegereni imetengwa kwa viwanda; binti akimaliza masomo hutazamia kazi huko, wala si ususi. Kwa upande mwingine, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kikapu kimerudi sokoni na wanunuzi wake hawakosekani. Kwa hiyo si kweli kwamba kazi hii haina wateja. Inaanza kukosa wanafunzi.

Somo la ubaoni

Somo tuliloliona kwanza lilikuwa limeandaliwa kwa bidii. Mwanachuo alichora ubaoni picha sita za hatua za kusuka, akasimama mbele ya darasa la nne, akainua chane zake na kusuka huku watoto wakimtazama. Yeye mwenyewe ni msusi hodari, aliyelelewa katika kazi hiyo. Hata hivyo, baada ya dakika chache darasa lilikuwa limevurugika. Watoto walioketi mbele walisuka kinyume, kwa sababu mkono wa kulia wa mwalimu aliyewaelekea uko upande wa kushoto wa mtazamaji. Walioketi nyuma hawakuona kitu. Na karibu wote walikwama palepale, kwenye mwanzo wa ukili, kabla hata ya kufikia picha ya pili.

Wiki iliyofuata mwanachuo alifanya kama walivyofanya walimu wengi kabla yake: aliagiza kila mtoto alete kazi iliyokamilika kutoka nyumbani. Matokeo yake tuliyaona katika daftari la alama. Mtoto mmoja alileta kawa lenye mapambo ya rangi tatu akapata alama za juu kabisa. Alipopewa chane mkononi hakujua ashike upande gani. Mwingine, ambaye tulimwona kwa macho yetu akisuka vizuri kuliko wenzake wote wa karibu, hakuleta kitu, kwa kuwa kwao kila pima ya ukili huuzwa ili wapate unga. Huyo alipewa sifuri. Alama zile zilipima mambo mawili tu: kama mtoto ana bibi aliye hai, na kama bibi huyo ana nafasi. Mzazi asiye na bibi wa kumsaidia hununua kawa sokoni, nayo shule ikawa imemfundisha mtoto kununua alama.

Hatuoni kuwa yafaa kumlaumu mwanachuo. Alifuata alichokiona tangu alipokuwa mwanafunzi. Lakini kosa hili ni la mbinu, na mbinu hurekebishika.

Ubavuni mwa fundi

Jambo la kwanza la kurekebisha ni mahali pa kukaa. Kazi ya vidole haionekani vema kutoka mbele. Yule mwali wa zamani alikaa ubavuni mwa mfundishaji wake, wakitazama upande mmoja, hata mkono wa kulia wa huyu ukawa sambamba na mkono wa kulia wa yule. Darasani yafaa mwalimu aketi chini, juu ya jamvi, na watoto wachache wachache wakae kando na nyuma ya mabega yake. Mtoto atumiaye mkono wa kushoto, na hao wapo katika kila darasa, yeye peke yake aketi uso kwa uso na mwalimu: akiiga anachokiona kama mtu ajitazamaye kiooni, atasuka sawasawa kwa mkono wake. Wafumaji wa sindano wanaijua sana njia hii. Kumlazimisha abadili mkono ni kumpotezea muda, kwani ukili haumwulizi mtu ametumia mkono upi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililotufanya tuandike. Mwanzo wa kazi si mahali pema pa kuanzia kujifunza. Kuanzisha ukili ni kugumu kuliko kuuendeleza: chane bado hazijashikana, zinateleza, hakuna msuko wa kuuiga, na kosa moja huharibu yote. Msusi mzoefu hulifanya jambo hilo upesi bila kufikiri, na kwa hiyo hudhani ni jepesi. Mtoto anayeanzia hapo hukutana na ugumu wote katika dakika yake ya kwanza, na wengi huamua siku ileile kuwa hawana mikono ya ususi. Lakini akipewa ukili uliokwisha anzwa na mwingine, wenye urefu wa shubiri moja hivi, anachotakiwa kufanya ni kuendelea. Mfano upo mikononi mwake. Akikosea, hufumua mpaka pale penye kazi ya fundi, naye hapotei. Kuanzisha atafundishwa baadaye, vidole vikiisha izoea njia.

Katika miaka ya 1970 Jean Lave, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Marekani, aliishi kwa muda na mafundi cherehani wa Kivai na Kigola huko Liberia akichunguza jinsi wanagenzi wao walivyofundishwa. Aliona kwamba mafunzo yao yalikwenda kinyume cha utaratibu wa kutengeneza nguo. Nguo huanza kwa kukatwa, kisha hushonwa, kisha humaliziwa. Lakini mwanagenzi alianza na umaliziaji, kukunja pindo na kutia vifungo, akapanda hata kushona, na mwisho kabisa akapewa mkasi. Sababu ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kununua kitambaa: pindo likikosewa hushonwa upya, bali kitambaa kikikatwa vibaya kimekwisha haribika. Aidha, mwanagenzi aliyeanzia mwishoni aliiona nguo nzima tangu siku yake ya kwanza. Mambo hayo Lave aliyajadili tena pamoja na Etienne Wenger katika kitabu chao cha mwaka 1991, kilichosomwa sana vyuoni.

Sisi tulilijaribu wazo hilo hapa chuoni kwanza, katika kufuma. Wanachuo wasiojua sindano walipewa sindano zenye mishono ishirini iliyokwisha anzishwa, na mistari michache imefumwa, nao wakaendeleza. Kipindi cha kuanzisha mishono, ambacho zamani kilikuwa cha kwanza, tulikisogeza kikawa cha nne. Jambo moja la pembeni lilitupendeza. Mwanachuo mmoja kutoka nyanda za juu za kusini alikuwa akishika uzi kwa mkono wa kushoto, na mwingine, aliyefundishwa mjini, kwa mkono wa kulia. Walibishana sana bwenini juu ya njia iliyo sahihi, mpaka wakaweka kazi zao mezani, na hapana aliyeweza kuzitofautisha. Tangu hapo kila mmoja alijifunza njia ya mwenzake, na wakafundishwa ukili na wasichana wa pwani kwa malipo ya kufundisha sweta. Ingefaa kila mkufunzi aliache bishano la namna hiyo liendelee kwa muda kabla ya kutoa hukumu, maana ndani yake wanafunzi hutazama mikono yao kwa makini kuliko wakati wowote mwingine.

Maneno ya kazi

Katika shule mojawapo tulimwalika bibi mmoja wa kijijini awe fundi. Watoto walipomwamkia naye akaitikia "Marahaba, wajukuu zangu," mwalimu alimwomba aeleze kwa maneno jinsi anavyosuka. Bibi alicheka. "Mwanangu, anayejua ni kidole. Nipe chane nisuke, kisha ndiyo uniulize."

Jibu hilo lina maana nzito kwa mwalimu. Fundi anajua mengi asiyoweza kuyasema, na asilaumiwe kwa hilo. Kazi ya mwalimu darasani, wakati fundi amekaa, ni kuyapatia maneno yale yanayofanywa na vidole, kwa sauti, mbele ya watoto, na fundi mwenyewe ayasahihishe. Kwa ukili wa chane tano, maneno yaliyopatikana siku ile yalikuwa machache. Weka tatu kulia na mbili kushoto. Chane ya pembeni kabisa upande wa kulia ipande juu ya jirani yake, izame chini ya inayofuata, ihamie kushoto. Sasa kushoto ziko tatu; ya pembeni kabisa ipande, izame, ihamie kulia. Watoto wakaligeuza kuwa wimbo wao: panda, zama, hamia. Tulisikia wakiusema hata uwanjani. Chane inayokaribia kwisha huongezewa nyingine juu yake, zikasukwa pamoja kwa hatua chache, na ncha zinazobaki hukatwa baadaye.

Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini ziwe tano, zisiwe sita. Bibi alisema kuwa ndivyo ilivyo. Mwalimu, kwa busara, hakujibu, bali aligawa chane sita kwa kundi moja. Waligundua wenyewe kwamba idadi ikiwa shufwa pande mbili hazifanyi kazi sawa: chane ya kulia hupita jirani wawili, ya kushoto hupita watatu, na wimbo wao haukubali tena. Idadi ikiwa witiri, tano, saba au tisa, kulia na kushoto hufuata kanuni moja. Kwa mwanafunzi wa darasa la nne, huo ni mlango wa hesabu ulio bora kuliko mingi iliyomo vitabuni.

Watatu watatu

Madarasa yetu ni makubwa na ukindu ni haba. Haiwezekani kila mtoto apewe ukili wake. Tunapendekeza watoto wakae watatu watatu na ukili mmoja. Wa kwanza husuka. Wa pili huchagua chane, huzilowesha na kumpa msusi inapofika zamu ya kuunga. Wa tatu ni msomaji: huutazama ukili upande wa chini na kumwonya msusi anaporuka, kwa maana chane iliyopanda mara mbili bila kuzama huonekana upesi kwa nyuma kuliko kwa mbele. Kila baada ya muda hubadilishana. Msusi mpya, kabla ya kuanza, hufunga uzi wa rangi yake mahali anapopokea kazi.

Uzi huo mdogo umetusaidia mno. Kipindi kinachofuata makundi hubadilishana kili, na kila mtoto hulazimika kusoma mkono wa mtu mwingine kabla ya kuuendeleza. Hapo ndipo mashauri huanza. "Wewe unakaza mno, ukili wako unajikunja." "Chane zenu ni pana kuliko zetu, mkeka hautalingana." Darasa moja lilifikia kukubaliana, bila kuagizwa, kwamba chane zote ziwe na upana wa sentimita 1, na wakakata kijiti cha kupimia. Wavulana, ambao mwanzoni walisema kuwa kazi hii ni ya wanawake, walikuwa wasomaji wakali kuliko wote. Na mmoja wao aliwaonyesha wenzake namna baba yake anavyokaza msuko wa dema, jambo ambalo hata bibi alilitazama kwa makini.

Kabla ya kushona, Hisabati iingie. Chane tano za sentimita 1 hutoa ukili wa upana wa sentimita 3 na nusu hivi. Ikiwa darasa linataka mkeka mdogo wa kusomea hadithi, wenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 70, eneo lake ni sentimita za mraba 7,000; gawanya kwa 3.5, utapata sentimita 2,000, yaani mita 20 za ukili. Kwa pima ya mita 1.8 ni pima 11 na kidogo. Darasa la watoto 45 lina makundi 15. Kila kundi lisuke mita 1 na sentimita 33, na kila mtoto sentimita 44, ambazo ni karibu shubiri mbili. Mwalimu aongeze kidogo kwa ajili ya ncha na maungio. Kazi iliyoonekana kubwa mno ikisambazwa hivi huwa shubiri mbili tu kwa mtu, na hakuna mtoto atakayesema imemshinda. Kuunga kili hizo kumi na tano, na kushona, kufanywe na fundi pamoja na watoto wachache waliokwisha pata wepesi, wengine wakitazama.

Kuhusu alama tuna machache ya kusema. Mwalimu asipokee kitu chochote kilichotengenezwa nje ya darasa. Achukue ukili, atafute uzi wa mtoto fulani, asome shubiri zake mbili: je, upana ni uleule? Je, kuna mruko? Maungio yamejificha? Kisha atazame mahali alipopokea kazi ya mwenzake, kama alisahihisha kosa alilolikuta au aliendelea juu yake. Mwishoni amwulize swali moja la mdomo. Kwa njia hii yule mtoto ambaye kwao ukili huuzwa atapata anachostahili, na yule mwenye kawa la rangi tatu atalazimika kukaa chini na kujifunza, jambo ambalo tulimwona akilifanya kwa furaha kuliko alipopokea alama za kawa.

Yabaki mambo mawili ya vifaa. Ukindu usikatwe ovyo kwa jina la shule. Mkindu ulionyang'anywa machipukizi yote hudhoofika, na akina mama wanaouishi nao watakuwa na haki ya kunung'unika. Kwa mazoezi ya mwanzo yatosha makaratasi ya magazeti yaliyokatwa vipande, au mikanda ya plastiki ifungiayo mizigo, ambayo karibu na viwanda haikosekani na ambayo baadhi ya watu huisukia vikapu. Ukindu wenyewe uje katika vipindi viwili vya mwisho.

La pili ni fundi. Bibi anayekuja shuleni asubuhi nzima ameacha kazi inayomlisha, na si halali kumwita bure kwa kisingizio kuwa elimu ni ya wote. Ikiwa shule haina fedha, watoto waweza kumlipa kwa mikono yao: katika shule tuliyoitaja, kila mtoto alichana chane za kutosha kundi lake na nyingine kumi za bibi. Bibi alizikagua moja moja pale jamvini, akarudisha zilizochanwa vibaya zichanwe upya, akazifunga katika kanga yake na kuuliza siku ya kuja tena.